Chuo Kikija Pwani, Kiulize Bamvua Kwanza

Mhadhiri mmoja ametuuliza kwa nini akina mama wakulima wa mwani hapa Bagamoyo wamechoka na wanafunzi wake, ilhali barua za kibali zilipita wilayani hadi kwa mtendaji. Tunamwomba aangalie tarehe alizowaleta.

Mwani hulimwa maji yakitoka. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku za kuingia shambani ni chache. Mama ana saa chache tu za kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi na kuvuna kabla maji hayajajaa. Mwanafunzi anayemsimamisha hapo na dodoso la kurasa 12 anamnyima riziki. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayatoki sana, ndiyo wakati wa mahojiano. Bamvua likifika, mwanafunzi naye ashike kamba.

Tangu kupanda hadi kuvuna ni kama wiki 6. Ukimleta mwanafunzi kwa wiki 4, hatavuna alichopanda.

Sasa jaribio lenyewe ambalo chuo kinataka kulifanya. Kotoni, aina moja ya mwani, huuzwa bei nzuri kuliko spinosamu, aina nyingine, ila haistahimili joto: matawi hugeuka meupe, hulainika, hukatika. Chuo kinataka kuihamishia maji ya kina, penye ubaridi kidogo. Sawa, lakini huko kunahitaji mtumbwi na kujua kuogelea, na akina mama wengi hawajui kuogelea. Bajeti isiyo na mtumbwi wala mafunzo ya kuogelea itawanyang'anya wanawake shamba na kuwapa wanaume, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo. Jambo hili lisifanyiwe mzaha.

Hasara pia iandikwe mapema, kwa Kiswahili. Kamba 20 za majaribio zikifa, chuo kilipe mavuno ya kamba 20 za kawaida kwa bei ya siku hiyo. Zikistawi, mavuno yote ni ya kikundi. Fedha ziingie akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Zikipita mkononi mwa mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu, maneno huanza na kikundi huvunjika.

Majibu ya utafiti yasomwe kwenye mkutano wa wenyeji kabla tasnifu haijakabidhiwa, maana wao ndio watakaogundua kamba iliyohesabiwa vibaya. Wafundisheni akina mama wawili kupima joto la maji kila bamvua na kuliandika. Kipimajoto na daftari vibaki kwao. Chuo kichukue nakala.