Maswali ya Wasomaji: Meth na unga ni vitu viwili tofauti

Mwanangu wa miaka 23 anavuta meth (methamfetamini, dawa ya kulevya inayochangamsha mwili). Hukesha siku mbili tatu bila kula, usiku anachungulia dirishani akisema kuna watu wanamfuata. Jirani ananishauri nimpeleke kliniki ya methadoni, maana mtoto wa dada yake aliachia unga (heroini) huko. Je, nifanye hivyo? – Mama wa Tanga

Pole sana, mama. Jirani ana nia njema, ila methadoni haitamsaidia mwanao. Dawa hiyo, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, inafanya kazi palepale kwenye ubongo ambapo heroini inafanya kazi. Meth haipiti hapo. Yenyewe inaufanya ubongo umwage dopamini, kemikali ya raha na msisimko, kwa wingi kupita kiasi, na haitoki mwilini haraka: baada ya saa 10 hadi 12 nusu yake bado imo. Ndiyo maana halali, hasikii njaa, na akirudia kabla ya ile ya kwanza kuisha hofu inazidi kupanda.

Kwake yeye, anachokiona dirishani ni kweli tupu. Usibishane naye wala usimcheke. Washa taa, punguza watu chumbani, ongea taratibu, usisimame mlangoni akaona umemzuia kutoka. Visu na panga viondoke mapema, kabla hali haijachafuka. Akianza kutishia watu au kutaka kujidhuru, mpelekeni hospitali yenye kitengo cha afya ya akili; huko wana dawa za kumtuliza. Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya siku chache hadi wiki chache za kuacha na kulala. Ikipita mwezi hajatumia na bado anasikia sauti, madaktari wachunguze kama kuna ugonjwa mwingine.

Kuna kipindi ambacho familia nyingi hulegea. Arosto ya meth, yaani mateso ya mwili baada ya kuacha, haina ule mtapiko na kuharisha kwa unga. Kijana analala mchana na usiku, anakula sana, nyumba inashukuru Mungu. Kumbe ndipo huzuni nzito inapomwingia, na wapo wanaojiua katika siku hizo. Wiki mbili za mwanzo asiachwe peke yake. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuitibu meth. Kilichoonyesha matokeo mazuri zaidi ni ushauri nasaha wa kila wiki, pamoja na zawadi ndogo kila kipimo cha mkojo kinapokuwa safi. Kwa kawaida kipimo hicho huonyesha matumizi ya siku 2 hadi 4 zilizopita, kwa hiyo kupima mara moja kwa mwezi hakutoshi. Kwa ushauri kuhusu dawa za kulevya, Tanzania pigeni 119, Kenya 1192. Simu zote ni bure.

Maskani wanasema aliyezidisha meth apewe maziwa. Ni kweli?

Hapana. Maziwa hayaitoi meth kwenye damu, na mtu aliyechanganyikiwa au anayedegedeka anaweza kupaliwa nayo akafa. Kinachoua hapa ni joto, moyo na mishipa ya kichwani. Mguse: kama ngozi inaunguza, mtoe juani, mvue nguo nzito, mlowanishe kwa maji ya kawaida na mpepee, vitambaa vibichi vikae shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Panadol haishushi joto hili, kwa sababu halitokani na maambukizi. Akidegedeka mlaze ubavu. Msimfunge kamba wala kumkalia mgongoni. Wengi hukata pumzi hivyo. Maumivu ya kifua, uso kupinda au upande mmoja kulegea ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ana miaka 20. Na mwambieni daktari ametumia nini.

Natumia ARV. Kuna hatari ya ziada?

Ipo. Kama dozi yako ina ritonaviri (wengi walio kwenye dawa za mstari wa pili, zinazotolewa za kwanza zikishindwa, wanayo), ini linachelewa kuivunja meth, na kiasi kilekile ulichozoea kinakuwa kikali zaidi. Mweleze mhudumu wako wa CTC (kliniki unayochukulia ARV), na usiache ARV kwa sababu hiyo.

Mimi ni bodaboda, Dar. Nikikutwa na mzigo wa mteja ambao sikujua una nini, sheria inasemaje?

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, iliyorekebishwa 2017, haimlengi muuzaji peke yake. Kubeba, kuhifadhi na kufikisha mzigo vyote vimo ndani ya kosa la kusafirisha. Kwa meth, hadi gramu 200 ni kifungo cha miaka 30. Ikizidi hapo, maisha. Mashtaka mazito hayana dhamana. “Sikujua” ni utetezi utakaopimwa na mazingira: nani alikupa, mlipanga wapi, kwa nini nauli ilikuwa mara tano ya kawaida.

Usidhani mzigo hatari una harufu au sura yake. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za meth na heroini Dar es Salaam na Iringa, nyingine zikiwa kwenye vifungashio vya kahawa na majani ya chai. Mteja akikataa kufungua mbele yako au kutoa jina na namba ya mpokeaji, muache na mzigo wake. Ukikamatwa, usikimbie. Taka mzigo uhesabiwe mbele yako na mbele ya shahidi huru, kisha soma hati ya ukamataji kabla ya kusaini: idadi ya vifurushi, uzito kama umeandikwa, saa na mahali. Kama kuna kisicholingana na ulichokiona, sema hapohapo, na uombe wakili kabla ya kutoa maelezo.