Nyota ilififia, ilizimika au ilipatwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nawaandalia wanafunzi wangu habari fupi kuhusu Betelgeuse, ile nyota kubwa iliyopungua mwanga mwishoni mwa 2019 na kuzua gumzo duniani kote. Katika makala nilizokusanya nimekuta "nyota imepatwa", "nyota inazimika", "nyota inakufa" na "nyota imefifia". Mwenzangu anayefundisha Fizikia anasema yote ni mamoja, mradi ujumbe ufike. Je, ni kweli? Na wanaoichunguza niwaite wanajimu, wanaanga au nani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Si mamoja hata kidogo, mwalimu. Kila kitenzi hapo kinadai jambo lake, na mshangao wa watu wakati ule ulitokana na madai hayohayo kuchanganywa.

Nianze na tukio lenyewe. Betelgeuse ndiyo nyota nyekundu iliyo begani mwa Jabari, kundi linalotambulika kwa nyota tatu zilizojipanga kiunoni. Mabaharia wa pwani yetu waliijua kwa jina la Ibuti la Jauza. Katikati ya Januari, kati ya saa nne na saa tano usiku, huwa juu kabisa, karibu na utosi. Ni kubwa mno: ingewekwa mahali pa Jua, ingeimeza Dunia na Mirihi pia. Hata siku za kawaida mwanga wake hupanda na kushuka, kwa kuwa nyota hiyo hutanuka na kunywea kwa mzunguko wa siku 400 hivi. Lakini kuanzia Oktoba 2019 ulishuka kuliko ilivyozoeleka. Desemba, Edward Guinan wa Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani, na wenzake wakatoa taarifa. Kufikia katikati ya Februari 2020 nyota ilikuwa imebakiwa na kama theluthi tu ya mwanga wake, na mtu asiye na darubini aliweza kuona kwamba sasa inalingana na mwenziwe wa bega la pili.

Ndipo watu walipoanza kusubiri mlipuko. Mitandao ya kijamii ilijaa swali moja: lini? Tarehe 14 Januari 2020, mitambo inayonasa mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga inayoweza kusababishwa na nyota kulipuka, ilipata ishara iliyoelekea kutoka upande wa anga usio mbali na Jabari, na baadhi ya wataalamu wenyewe wakatoka nje kuangalia. Nyota ilikuwapo palepale.

Sasa vitenzi. "Kupatwa" tumekizoea kwa jua na mwezi, na maana yake ni kwamba gimba moja limeingia kati au limetia kivuli juu ya jingine. Mwezi ukipita mbele ya jua, jua limepatwa. Zipo pia nyota pacha ambazo moja hupita mbele ya mwenziwe kwa zamu, na hizo sina neno nazo zikiitwa nyota zinazopatwa kwa zamu. Betelgeuse haikupitiwa na gimba lolote. Aliyeandika "imepatwa" alitoa sababu ya tukio bila kujua kwamba anatoa sababu, tena isiyo ya kweli.

"Kuzimika" ndicho kilichowatia watu hofu zaidi. Fikiria kibatari kinachoishiwa mafuta. Kwanza mwanga hufifia, na ukikijaza au ukipandisha utambi, unarudi. Kikishazimika, lazima kiberiti kitafutwe. Kuzimika ni mwisho wa kuwaka. Ukiandika "nyota inazimika" umemwambia msomaji kwamba safari imekwisha na yanayobaki ni dakika za mwisho. Kumbe mwanga ulianza kurudi Februari ileile.

"Inakufa" nakielewa kilikotoka. Nyota hii kweli iko uzeeni: ina umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni 10 hivi au pungufu, ilhali Jua lina miaka bilioni 4.6 na bado lina nguvu zake, kwa sababu nyota nzito huteketeza akiba yao upesi. Ila huo ni wasifu wa nyota, ulikuwa kweli kabla ya 2019 na ni kweli leo. Haufai kutajwa kama habari ya tukio hili.

Linabaki "kufifia", nami nalitetea kwa moyo wote. Kufifia ni kupoteza nuru au nguvu kidogo kidogo, basi. Hakisemi kwa nini, hakisemi mwisho utakuwaje, na hakifungi mlango wa nuru kurudi. Mwandishi wa Januari 2020, ambaye hakuwa na jibu, angeweza kukitumia bila kusema uongo. Na sasa sababu imejulikana, bado hakijakanushwa. Picha zilizopigwa kwa darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile, ambazo Miguel Montargès na wenzake walizichapisha Juni 2021 katika jarida la Nature, zilionyesha upande wa kusini wa nyota ukiwa na kiza. Nyota ilikuwa imetema gesi, sehemu ya uso wake ikapoa, na gesi ile ikageuka vumbi lililokaa kati yake na sisi. Ukitaka kutaja sababu, tumia kauli ya kutendesha: "vumbi liliififisha nyota", au useme wazi kwamba vumbi lilikinga sehemu ya mwanga wake.

Angalia pia wakati wa kitenzi. "Imefifia" husema hali ingali vile, hivyo ilifaa Januari 2020. Wanafunzi wako wanaandika baada ya mambo kwisha, basi waandike: "Betelgeuse ilififia kuanzia Oktoba 2019 hadi Februari 2020, kisha mwanga wake ukarudi." Hiyo -ka- ina kazi kubwa hapo, kwani inaunganisha tukio la pili na la kwanza bila maelezo marefu.

Na kuna jambo ambalo wengi hulipita. Je, tuseme "haikulipuka" au "haijalipuka"? La kwanza linafunga kesi: tulingoja, halikutokea. La pili linasema jambo bado linatarajiwa, na hilo ndilo wasemalo wataalamu: italipuka, huenda ndani ya miaka 100,000 ijayo. Kwa hiyo "haijalipuka". Baadhi ya watu walikwenda mbali zaidi, wakasema huenda ilishalipuka na sisi hatujaona, kwa kuwa mwanga wake hutumia mamia ya miaka kutufikia. Kisarufi sentensi hiyo ni safi kabisa, na kimantiki haiwezi kukataliwa, ila isitumike kama habari. Tunachoweza kuripoti ni kile ambacho mwanga umeshatuletea.

Tahadhari moja kuhusu tarakimu. Uangavu wa nyota hupimwa kwa kipimo kinachokwenda kinyume: namba ikikua, nyota ni hafifu zaidi. Betelgeuse ilitoka takriban 0.5 ikafika 1.6. Mwanafunzi akiona namba imepanda ataandika "uangavu uliongezeka", na habari nzima itapinduka.

Usishangae darasa likicheka kidogo utakaposoma "nyota imefifia". Katika mazungumzo yetu nyota ni bahati ya mtu, na wako waganga wanaoishi kwa kuahidi kuisafisha. Maana hiyo ni halali na ni ya zamani. Waambie tu mapema ni nyota ipi unayoizungumzia.

Kuhusu majina ya wachunguzi: mwanaanga ni yule anayesafiri kwenda anga za juu, kwa hiyo hahusiki. Mnajimu zamani alikuwa mjuzi wa nyota kwa jumla, lakini leo wasomaji wengi wakilisikia humfikiria mpiga ramli wa magazetini, naye ndiye wa mwisho ambaye ungependa wanafunzi wamfuate katika suala hili. Andika "wanaastronomia", au "wanafalaki" ukipenda neno lenye mizizi ya pwani. Chagua moja na ulishike hadi mwisho wa habari.