Mafuta yanamaliza mshahara, tukate maziwa ya watoto?

SWALI: Shangazi salamu sana. Tunaishi Syokimau na watoto wawili, mzee anafanya kazi tao na anaenda na gari kila siku. Anaweka mafuta ya mia tano, kesho mia tano tena, ikifika tarehe 20 tunaishi na Fuliza, ile mkopo ya M-Pesa. Sasa anasema tukate nyama na maziwa ya watoto ndio tufike endi manthi. Ni sawa kweli? – Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, si sawa. Maziwa msiyaguse kabla hamjajua hiyo gari inakunywa kiasi gani, na kwa hii ya mia tano mia tano hakuna mtu anaweza kujua. Siku ya mshahara mzee ajaze tangi, aandike kilomita zinazosoma kwa dashibodi, aendeshe kama kawaida, akijaza tena agawanye kilomita alizoenda kwa lita zilizoingia. Bei ya lita mkiigawanya kwa hiyo namba ndio mtajua kilomita moja ni pesa ngapi, hata ile safari ya kufuata mkate na gari.

Halafu hapo Syokimau mko na treni jamani, inaenda mpaka stesheni ya tao, na mahali pa kuacha gari pako. Apande hata siku tatu kwa wiki, mafuta ya kukaa kwa jam Mombasa Road na pesa ya paking zibaki nyumbani. Siku za kuendesha aangalie upepo wa matairi, yakiwa laini gari inakunywa zaidi, na kwa mteremko asitie nyutro akidhani anaokoa, gari za injekta ukitoa mguu ikiwa kwa gia mafuta yanakatwa yenyewe, lakini ukitia nyutro injini inaendelea kunywa na breki ndio zinabeba mzigo wote.

Kuna wale hukimbilia petroli stesheni jioni ya tarehe 14 EPRA, wale wa kupanga bei ya mafuta, wakitangaza bei mpya. Septemba 2023 petroli ilipofika shilingi 211.64 kwa lita hapa Nairobi kukimbia kulikuwa na maana, lakini miezi mingi ni hesabu ndogo tu: ikipanda shilingi 3 na umeweka lita 30 umeokoa 90, na umekaa foleni injini ikinguruma.

Kwa nyumba anzeni na shawa ya stima. Ya kilowati 5 ikiwaka dakika 12 ni yuniti nzima ya stima imeenda, watu wanne wakioga dakika sita sita ni kama yuniti 60 kwa mwezi, na bei ya yuniti hupanda wastani wenu wa mwezi ukipita yuniti 30, halafu tena ukipita 100. Ogeni haraka tafadhali.

Maharagwe na ndengu nunueni Nyamakima, kule tao kwa wauzaji wa nafaka, mkigawana gunia na majirani bei inashuka sana kuliko gorogoro ya dukani. Maharagwe yaloweke usiku, uchemshe ya siku kadhaa mara moja, gesi itakaa. Nyama mnaweza kupunguza siku, hiyo sikatai, ndengu inashika pahali pake vizuri.

Fuliza nayo ina ada ya kila siku deni likikaa, na mshahara ukipitia M-Pesa inajikata kabla hamjapanga chochote. Kwa hivyo mwezi ujao siku ileile pesa imeingia nunueni unga, mtungi wa gesi na tokeni, na nauli ya treni iwekwe kando, hata kama itabidi mzee aache gari imelala wiki ya mwisho.