Fundi Anajibu: Mchana kimya, jioni transmita inanguruma

SWALI: Fundi shikamoo. Nipo redio ya jamii huku mkoa wa Mbeya, transmita yetu ni ya FM wati 150, ile ya zamani yenye pawa saplai ya transfoma. Mchana safi kabisa ila ikifika saa moja jioni wasikilizaji wanaanza kupiga simu eti kuna mngurumo nyuma ya mtangazaji. Alikuja fundi akabadilisha kapasita zote kubwa za ampu (kikuza nguvu), hela imeenda na mngurumo upo palepale. Umeme wa ukutani jioni nimepima unacheza kwenye volti 180. Sasa kuna kitrima (kiskrubu cha kurekebisha volti) kwenye bodi ya saplai, nikikipandisha kidogo si itaisha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hicho kitrima kiache kwanza, jibu umeshaliandika mwenyewe, ni hiyo 180.

Huyo fundi alianzia kwenye ampu kama wengi wanavyofanya, lakini kwenye FM umeme mchafu wa ampu unayumbisha zaidi nguvu ya mawimbi, na redio ya msikilizaji inalichuja sana hilo. Mngurumo unaosikika hivyo mara nyingi unatoka kwa eksaita, pale masafa yanapotengenezwa, maana umeme wake ukitikisika kidogo tu masafa nayo yanatikisika. Na eksaita nyingi za zamani utakuta zinalishwa na regyuleta (kifaa kidogo cha kutuliza volti) ya 7815 au ndugu zake. Hiyo ili itoe volti 15 safi inataka iingiziwe kama 17 na nusu hivi, chini ya hapo haichuji tena, inapitisha kila kitu.

Tuseme transfoma yako upande huo inatoa 15 za AC. Ukuta ukiwa 230, baada ya dayodi (zinazogeuza AC kuwa DC) unapata kilele karibu volti 20, hakuna shida. Ukuta ukishuka 180 kilele kinabaki 15 na kidogo, sasa hapo regyuleta itafanya nini? Ndo maana mchana kimya, jioni taa na mapasi ya mtaa mzima yakiwaka ndo mnasikia.

Hakikisha hivi: jioni pima DC kwenye mguu wa kuingilia wa regyuleta transmita ikiwa hewani, halafu weka mita kwenye AC upime mguu wa kutokea, ukiona hata sehemu ndogo ya volti inacheza pale mwizi ndo huyo. Ukitaka uhakika zaidi zima kila kitu, tenga dayodi, lisha regyuleta kwa betri mbili za 12 zilizoungwa mfululizo, washa. Mngurumo ukiisha kesi imekwisha. Ukibaki, angalia waya wa mikisa na ethi, hasa kama mlio ni wa hezi 50 badala ya 100.

Dawa ni stebilaiza nzuri mbele ya transmita. Wengine wanahamisha waya wa transfoma kwenda tepu (sehemu ya kuingizia umeme) ya volti 210, inasaidia, ila usiku wa manane umeme ukirudi 240 regyuleta inachemka, mimi siipendi.

Kuhusu kitrima, ukiitoa ampu kwenye volti 28 ukaipeleka 30 nguvu inaongezeka kama asilimia 15, hiyo sikio la msikilizaji halitaijua ila transista itaijua, na leseni yenu ya TCRA ina kikomo cha wati. Na kapasita zile kubwa hata ukizima zinabaki na chaji, zimwage kwa rezista, usitumie bisibisi.

SWALI: Saplai yetu ya swichimodi (ile isiyo na transfoma kubwa) ya volti 48 inawaka inazima, tik tik tik, feni haizunguki. Ninunue nyingine?

JIBU: Ngoja kwanza. Ichomoe kwenye ampu uipe lodi nyingine, rezista kubwa au balbu zinazofaa volti hizo. Ikitulia kwenye 48 basi saplai ni nzima na inajilinda tu, pima transista ya ampu kati ya mguu wake wa dreni na bodi la chuma la ampu, nadhani utakuta imeshoti.