Kadi ya posta ya Fort Harrod: ni ya 1910 kweli?

SWALI: Nimenunua kadi ya posta yenye picha ya rangi ya Fort Harrod, ile ngome ya magogo iliyoko Harrodsburg, Kentucky, Marekani. Muuzaji anasema ni ya 1910. Haijawahi kutumwa. Uso wake una vijistari kama kitambaa, na kuna namba inayoanza na 6A-H. Nitajuaje umri wake? Na je, niipige laminesheni isiharibike?

JIBU: Kabla ya kuigeuza kadi, itazame ngome. James Harrod na wenzake walianzisha makazi yale mwaka 1774, lakini ngome ya walowezi hao ilishatoweka zamani. Inayoonekana kwenye kadi yako imejengwa upya, na hifadhi yake ilifunguliwa mwaka 1927. Mwaka 1910 hapakuwa na cha kupiga picha. Kwa hoja hiyo tu, dai la muuzaji limeanguka.

Namba nayo inasema wazi. Ni mtindo wa kampuni ya Curt Teich ya Chicago: A ni miaka ya 1930, B ya 1940, C ya 1950, na tarakimu iliyotangulia herufi hukupa mwaka wenyewe. Kadi yako ni ya 1936. Vijistari hivyo vinaafikiana na tarehe hiyo, kwa sababu karatasi iliyogandamizwa ifanane na kitani ndiyo iliyotawala miaka ya 1930 na 1940.

Ila usiiamini rangi. Kadi za aina hii zilianzia kwenye picha nyeusi na nyeupe, kisha wachoraji wa kiwandani wakapaka anga, majani na mapaa, na mara nyingi wakafuta nguzo za umeme na magari. Ukitaka kujua magogo yale yalikuwa na rangi gani hasa, kadi hii si shahidi. Kwangu mimi thamani yake iko hapohapo: inaonyesha jinsi watu wa 1936 walivyotaka kuwaona walowezi wa 1774.

Laminesheni, tafadhali, usithubutu! Gundi iliyoyeyushwa kwa joto hushika wino na karatasi, wala haibanduki tena bila madhara. Tafuta mfuko wa plastiki ya poliesta au polipropilini. Epuka ule wa PVC, maana kadiri miaka inavyopita hutoa kemikali zinazonata na kuharibu picha. Iweke pakavu, mbali na jua, na ukitaka kuandika tarehe nyuma yake, tumia penseli laini bila kukandamiza.