Usiokote kila jiwe shambani

Kabla ya mvua za Novemba na Desemba, mashamba mengi ya miteremko ya Iringa na Mbeya huokotwa mawe mpaka changarawe. Jembe halikwami tena, ni kweli. Ila mvua kubwa ikipiga udongo mtupu, matone huvunja mabonge madogo, chembe laini huziba vitundu vya juu, na jua likiwaka linabaki ganda gumu. Mvua inayofuata haizami. Inashuka bondeni na mbolea uliyonunua.

Jiwe lililolala juu ya udongo hupokea kishindo cha tone. Chini yake hapafanyi ganda, na maji yanayoteleza juu yake huzama pembeni. Pia hupunguza unyevu unaopotea kwa jua, faida ambayo mtu wa Ismani kwenye ukame ataiona mapema kuliko wa Rungwe kwenye mvua nyingi.

Si kila jiwe husaidia, lakini. Mvua ikikatika, inua machache. Ukikuta udongo tifutifu wenye unyevu, yaache. Likigoma kutoka, na likitoka linaacha alama yake kwenye ganda, hilo limekuwa kama bati: maji yanalipiga na kutiririka, hayana pa kuingilia. Kuliondoa tu hakutoshi. Vunja ganda wakati wa palizi ya kwanza, mawe yarudi kukaa juu ya udongo uliolegea.

Ya ukubwa wa ngumi na kuzidi, yanayosumbua jembe, yapange mistari ya kukinga maji. Pima kwa fremu A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa pamoja juu, mmoja wa kukingama kati yake kama herufi A, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka juu. Weka miguu kwenye vigingi viwili, chora kamba inapokatiza mti wa kukingama, geuza fremu, chora tena. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa: kamba ikikaa hapo, miguu yote miwili iko kimo kimoja, na hapo ndipo mstari unapopita. Chimba mfereji wa sentimita 10 hadi 15, mawe makubwa yakae upande wa bondeni, madogo upande wa mlimani, kimo kifike kama sentimita 25. Mstari unaofuata uwe mita 1 hadi 1.5 juu zaidi kwa kimo. Kwenye mteremko wa asilimia 10 hiyo ni mita 10 hadi 15 za kutembea.

Kukadiria kwa macho ndiko kunakoharibu kazi. Mstari ukiinama sehemu moja, maji yote hukusanyika hapo, hupasua, na korongo huanza. Kuweka mawe juu juu bila mfereji nako ni bure, maji hupita chini yake. Kama maji yanatoka barabarani au shamba la juu, tangulia kuchimba mtaro wa kuyakinga na kuyapeleka penye nyasi; mistari pekee haitayamudu.

Kwa walio karibu na milima ya Rungwe na Ngozi: yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu huelea. Yaache yatandazike shambani, mistari tafutieni mawe mazito.