Nikifungua geti, vicheko vinakatika

Shangazi, shikamoo. Mimi ni dereva wa malori, nina miaka 41, nyumbani kwangu ni Mlandizi. Napeleka mzigo Lubumbashi, na tripu moja inakula wiki tatu mpaka tano, inategemea foleni za mpakani, ya Tunduma na ya Kasumbalesa. Nina watoto watatu: wa kiume yuko kidato cha kwanza, wa kike darasa la tatu, mdogo ana mwaka na nusu. Mwezi uliopita nilifika saa mbili usiku bila kupiga simu. Nikiwa nje nikasikia wanacheka, wanacheka mpaka wanapaliwa. Nilipofungua geti tu, kimya. Televisheni ikazimwa. Shikamoo baba, shikamoo baba, kila mtu chumbani kwake. Mdogo nikimbeba analia. Kesho yake saa tano usiku nikamkuta mkubwa na simu ya mama yake, nikamzaba kofi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, au siyo? Tangu siku hiyo ananijibu ndiyo na hapana tu. Njiani nasikiliza wahamasishaji kwenye simu, nimejiandikia malengo ya kuwa baba bora, lakini nikirudi mambo ni yaleyale. Mke wangu anasema watoto wananiheshimu. Mimi naona wananiogopa. Nianzie wapi?
Baba wa Mlandizi

Marahaba mwanangu, na pole kwa barabara.

Kwetu kilikuwa kikohozi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, anaondoka na treni anapotea siku nyingi, na akirudi lazima akohoe akifika kwenye mwarobaini wa kona. Khm, khm. Sisi tulio uani tunaacha kila kitu. Mwenye mdako anaficha kete, mwenye kucheka anameza kicheko chake, na mama anajifunga khanga vizuri. Hakuwa mkali kupita kiasi, na kunipiga nakumbuka mara mbili tu. Lakini kile kikohozi kilikuwa kinatosha.

Alipofariki, wafanyakazi wenzake walikuja matangani wakakaa kwenye jamvi la wanaume wakaanza kumkumbuka. Nikiwa napita na birika la kahawa nikasikia wanaume wazima wanacheka huku wanafuta machozi: jinsi alivyokuwa akiwaigiza abiria, jinsi alivyomtania mkuu wa stesheni fulani mpaka yule bwana akamkimbiza jukwaani. Nilisimama pale na birika mkononi. Nikamwangalia kaka yangu, naye akaniangalia. Huyu wanayemzungumza ni nani? Baba yangu nilijulishwa msibani kwake, na waliomjua ni watu baki.

Kwa hiyo uliposema umevisikia vicheko nje ya geti, nilikuelewa kuliko unavyodhani. Na nataka nikwambie kitu ambacho huenda mkeo ameogopa kukwambia: uko sahihi. Ile siyo heshima. Mtoto anayemheshimu baba yake anamkimbilia na kumwonyesha jino lililong'oka. Hazimi televisheni.

Hukuniandikia unasema nini ukishaingia ndani, ila nakisia. Ripoti za shule ziko wapi? Nani kavunja hiki kiti? Mbona umeme umeisha mapema? Unauliza kwa sababu unapenda, najua. Umekaa wiki nne unafikiria nyumba yako, na sasa unataka kuhakikisha haijabomoka. Lakini hebu kumbuka moyo wako unavyokwenda gari likipanda mzani wa Vigwaza. Hata kama hujazidisha hata kilo moja, hata kama makaratasi yote yako sawa, mpaka yule bwana akupungie mkono upite hujapumua. Sasa wewe mwanangu umeuhamisha ule mzani ukauweka sebuleni, na kila ukirudi watoto wanapanda mmoja mmoja.

Safari ijayo usipime mtu. Siku mbili za kwanza, hata ukiona kioo kimepasuka, nyamaza, kitasubiri. Piga simu kabla hujafika, maana kuvamia nyumba yako mwenyewe ni tabia ya askari wa msako. Ukiingia ukakuta televisheni imezimwa, iwashe mwenyewe, kaa chini kwenye mkeka walipokuwa wamekaa wao, uulize: huyu naye ni nani, na kwa nini analia? Binti wa darasa la tatu hawezi kuvumilia kuona mtu mzima hajui tamthilia. Atakueleza toka mwanzo, nani kamwibia nani mchumba, na wewe kazi yako ni kusikiliza tu, ukosee majina, akurekebishe. Usimgeuzie somo kwamba aache tamthilia akasome. Akili za nyumba hiyo wanazo wao, mgeni ni wewe, na mgeni huelekezwa.

Sasa tuje kwenye kofi.

Umenitolea methali, nami nakujibu kwa methali hiyohiyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, sawa. Lakini anayesemwa pale ni mzazi anayeshinda na mtoto, anayekijua kilio cha njaa na kilio cha ujanja, anayemkatalia jioni na asubuhi akamchemshia uji. Wewe umepiga usiku na siku chache baadaye umepanda gari. Kofi ndilo ulilomwachia mtoto limkae wiki nne. Kumfunda mtoto kunataka muda wa kukaa naye baada ya adhabu, na huo muda hukuwa nao.

Utamwomba radhi. Naona unavyokunja uso: baba mzima nimwombe radhi mtoto niliyemzaa? Ndiyo. Na si kwa kumnunulia simu, tafadhali, usije ukafanya kosa hilo, maana utakuwa umemfundisha kwamba kofi lina bei. Usimwite sebuleni mbele ya mama na wadogo zake kama kikao cha ukoo pia. Mtume dukani kisha mwambie ngoja twende wote. Kijana wa miaka kumi na minne husikia vizuri zaidi akiwa anatembea, macho mbele, hana haja ya kukutazama. Mkifika njiani sema kifupi: lile kofi lilikuwa kosa langu, sikupaswa. Simu saa tano usiku bado siitaki, na tutakubaliana saa ya kuizima. Basi. Usiongeze "lakini na wewe", ukiiongeza umeharibu yote. Atakujibu "sawa", au atapiga jiwe teke. Chukua hiyohiyo, mnunue sukari mrudi.

Kuhusu mdogo, usijipe presha. Watoto wa umri huo huogopa sura wasiyoiona kila siku, hata shangazi zao wanawalilia. Usimnyakue. Kaa karibu na mama yake, cheza na kifuniko cha sufuria, atakufuata mwenyewe kabla ya Jumapili. Na kwa kuwa nimefika hapo, nina dukuduku langu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa baba siku 3 za mapumziko mwanawe akizaliwa, na ikataka azichukue ndani ya siku 7. Siku 7! Foleni ya Kasumbalesa peke yake ikikasirika inazimaliza. Jirani zetu Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, walimpa baba wiki 2. Ninachotaka kusema ni kwamba huo umbali na mwanao haukuutengeneza peke yako, kwa hiyo punguza kujilaumu na hizo nguvu zipeleke kwenye mambo unayoweza kuyashika.

Mfano simu. Dereva mmoja jirani yangu, akipiga nyumbani, naisikia kwenye spika ya simu ya mkewe: hamjambo, mmekula, ada imepokelewa, haya mpe mama. Dakika moja na nusu, kama anakagua stoo. Nakisia na yako ni hivyohivyo. Tunduma uko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, unalala pale siku mbili tatu, una muda kuliko mwalimu mkuu. Mtumie kila mtoto ujumbe wake wa sauti, wake peke yake. Mwambie binti umeona nini: nyani wa Mikumi waliokaa barabarani kama wanadai ushuru, ukungu wa Kitonga ulivyowafanya mtambae na taa zimewashwa mchana. Na mara mojamoja mwambie umeshindwa nini. Kwamba leo umekosea kurudi nyuma na trela, utingo amekucheka. Watoto wanaodhani baba hakosei huwa hawana cha kumwambia wanapokosea wao. Mkubwa usimuulize "masomo vipi", hilo swali lina jibu moja tu duniani. Muulize kitu unachohitaji kweli. Vijana wa kidato cha kwanza wanajua simu kuliko sisi: akuelekeze kitu kimoja kwenye yako, uwe na shida naye.

Kisha kuna jambo naliona wazi, nashangaa wewe hulioni. Mlandizi iko barabarani! Kila tripu unapita na mzigo wako mita chache kutoka kwa wanao, kwenda na kurudi. Najua tajiri ana mtambo wa kufuatilia gari na kusimama ovyo kutakugharimu. Honi je? Kubaliana na binti mlio wenu, miwili mifupi na mmoja mrefu, halafu ukikaribia umpigie simu mama yake aseme baba anapita. Na siku gari liko yadi na tajiri akiridhia, wachukue wote wawili uwapandishe kwenye kichwa cha lori. Waonyeshe kitanda chako kile chembamba nyuma ya kiti, jiko dogo la gesi, ndoo ya kuogea. Kwao wewe ni mtu anayetoka gizani na begi. Wakae pale unapolala usiku ishirini kwa mwezi, wanuse hiyo harufu ya dizeli na mto wako.

Wahamasishaji sina ugomvi nao, wamekuamsha. Kuamka saa kumi alfajiri na kuandika malengo ni kuzuri kwa anayeamka na kuandika. Ila hakuna kijana aliyewahi kuyasoma malengo ya baba yake. Unachohitaji zaidi ni mwanaume mmoja wa kusema naye, anayekujua kwa jina. Kwenye kijiwe cha madereva mnazungumza matairi, bei ya mafuta na mambo mengine ambayo shangazi hatayaandika. Humo humo yumo mzee mmoja ambaye watoto wake wameshakua na bado wanampigia simu bila kuomba hela. Unamjua nani ninayemsema, kila foleni ina mmoja. Mnunulie chai, umwambie kama ulivyoniambia mimi: wanangu wananiogopa. Litakukwama kooni. Liseme. Nami nakuapia kwamba madereva wengine wawili walio karibu wataacha kutafuna.

Na ukiona mkono unataka kunyanyuka tena, usisubiri unyanyuke. Afisa ustawi wa jamii wa kata yupo kwa ajili ya mazungumzo kama hayo, haendi mtu kule kufungwa. Namba 116 pia ni ya bure, mtoto anaweza kuipiga akiwa na shida, na baba anayejiamini huibandika ukutani mwenyewe.

Haya, sasa simu mpe mama watoto, asome hapa chini.

Mama, wewe umekaa na hawa watoto peke yako, umewalea vizuri mpaka wanacheka wanapaliwa, na sina la kukufundisha kuhusu kulea. Lakini nataka uniambie ukweli, ni mara ngapi kwa wiki unasema, "Ngoja baba yako arudi"? Mimi nilisema hivyo miaka kumi na miwili. Ni fimbo rahisi, hainunuliwi, na unaiweka nyuma ya mlango bila kuigusa. Sasa tazama ni nani anayeingia kwa mlango huo kila baada ya wiki nne, na begi lake na machungwa aliyonunua njiani. Makosa ya Jumanne yamalize Jumanne, kwa adhabu yako mwenyewe unayoijua. Siku akipiga simu kwamba amevuka Chalinze, waambie tu watoto baba anaingia usiku, halafu waulize wanataka apikiwe nini.